Upande wa Jikoni

Wacha watu waseme pesa haibadilishi mtu. Waje waniulize mimi.

Tulikaa na mwenzangu, rafiki yangu, ploti moja ya kupanga kule Karagita, Naivasha, milango ikitazamana, sote tukifanya kazi kwa mashamba ya maua. Unga ukiisha kwake, tunasonga ugali kwangu. Akiugua, mimi ndiye namwombea ruhusa kwa msimamizi. Nikiugua, yeye ndiye anakuja na uji. Ndugu zangu walinisuta kila Krismasi: umri unaenda, huna shamba, huna hata ng'ombe, unangoja nini huko? Niliwajibu kwa kiburi kabisa: mali sina, lakini nina mtu. Na niliamini, haki ya Mungu.

Baadaye aliacha maua, akaenda Nakuru kuuza mabati na simiti, na Mungu akamfungulia. Nilifurahi kama vile ni mimi. Akajenga nyumba, akanialika siku ya kuibariki.

Kwetu, siku ya sherehe anayekaa hemani ni mgeni. Mtu wa nyumbani huja mapema na kisu chake, anajifunga leso, anaingia upande wa jikoni bila kuulizwa. Basi nilitoka Naivasha alfajiri, na watu wakiamka mimi nilishakaa na beseni la viazi. Nilikuta wanawake wengine pale, wamevaa aprani za kufanana. Sikujua ni wa kukodiwa. Nilimenya nao, nikaponda mukimo mpaka mabega yakauma, na nilikuwa naimba.

Mchana mwenzangu akapita na marafiki zake wapya, akiwaonyesha nyumba. Nikainuka, nikapangusa mikono nimkumbatie.

"Na huyu?" mmoja akauliza.

Akanitazama. Macho yale nayajua. Yalinitambua vizuri sana.

"Huyu ni mmoja wa wale wananisaidia kupika," akasema, wakaendelea kuangalia vyumba.

Woi! Hasira ilinipanda. Sofa zake sikuzitaka. Nilitaka aseme tu, huyu ni wangu. Baadaye nikamsikia kwa maikrofoni akishuhudia kwamba alianza peke yake, hakuwa na mtu ila Mungu, na hema lote likapiga makofi. Mimi nilikuwa naosha sahani. Ningeondoka hapo hapo, lakini upumbavu ulinishika: nilijiambia ameona aibu mbele ya matajiri wake, wakienda atakuja kuniomba msamaha.

Jioni alikuja kweli, peke yake. Akanipa mfuko wa chapati na nyama iliyobaki, akanigusa bega.

"Asante sana, mathe. Bebea watoto."

Mathe, kama mama yeyote asiyemjua jina. Mimi sina watoto. Nilipojifungua yule mmoja, akatoka bila kulia, ni yeye aliyemfunga kwa shuka yake na kwenda kumzika, kwa sababu mimi sikuweza kusimama.