Mapezi Yenye Akiba ya Mshono

Fundi cherehani alikuwa na hamu ya kujua jambo moja tu: je, roketi ndogo aliyoiunganisha kwa gundi, mezani pake pa kushonea, ingepanda wima?

Ilibaki kubandika mapezi, yale mabawa madogo ya mkiani yanayoinyoosha ikiruka. Alikuwa ameyakata kwenye ubao mwepesi kwa kufuata kielelezo, lakini yote yalizidi kipimo, tena kila moja kwa kiasi chake. Akapima upya. Yamezidi vilevile.

Mumewe akachungulia, akaangua kicheko. "Mama watoto, umeacha akiba ya mshono! Unadhani roketi itanenepa?"

Fundi akacheka hadi machozi. Kumbe mkono ulikuwa umekata kwa mazoea, kama unavyokata magauni ya wateja, ukiacha kitambaa cha ziada pembeni ili nguo iweze kupanuliwa.

"Bandika, upake rangi. Nani atajua?"

"Hewa itajua, baba. Na mimi."

Akayasugua kwa msasa mpaka yakalingana. Kesho yake uwanjani, roketi ilipanda wima kama uzi uliovutwa. Mumewe alipiga makofi. Fundi alibaki ameinua macho, amekunja uso.

"Nini tena?"

"Najiuliza, yale mapezi mapana yangeipeleka wapi?"