Sherifu wa Jiko la Bibi

Juzi nimepita Mabawa, mwenzangu. Pale palipokuwa na kibanda cha video sasa wanauza vocha na chaja. Nimesimama kama niliyepoteza kitu, mara mwanamke akaniita kutoka ng'ambo ya barabara: "Sherifu! Huzeeki wewe?" Nikamjua kwa kicheko. Yule mtoto wa jirani wa utotoni.

Enzi zile, tukishamsaidia bibi kuanika makopa ya kusaga unga wa bada, mikono bado inanuka muhogo, tunakimbilia picha za kauboi. Siku moja, kwenye picha, watu wa mji wamefika mlango wa jela na kamba, wanamtaka mfungwa, na sherifu kasimama mlangoni peke yake. Hapo hapo deki ikala mkanda. Wote tukamgeukia mtoto wa jirani: ati kakanyaga waya.

Tukamfungia katika jiko la bibi, tumsubiri mwenye video aje aseme kosa ni la nani. Sherifu ni mimi. Walinichagua wenyewe, nina nyota ya kopo la mafuta kifuani. Lakini wenzangu wakachoka kusubiri, wakapiga kura: apakwe upupu. Mikono yao yote juu.

"Fungua, sherifu! Wengi tumeshasema!"

"Kwani mwenye video kashafika?" nikauliza.

"Tumekuvika sisi, tutakuvua sisi!"

Ndani, kwenye harufu ya moshi wa kuni, yeye akasema taratibu, "Usifungue, tafadhali."

Nikafungua.

Jioni mwenye video akasema mkanda wenyewe ulikuwa mbovu. Bibi alimsugua yule mtoto majivu mpaka akaacha kujikuna. Mimi hakunipiga. Aliniuliza tu, "Na mkono wako ulikuwa wapi?"

"Sikuunyoosha, bibi."

"Ulikuwa kwenye komeo."

Sitaki kuwaonea wenzangu. Kura ilikuwa ya haki, hakuna aliyelazimishwa. Wala sitausingizia mkanda, ingawa kweli sikupata kuona sherifu wa kwenye picha alifanyaje. Labda niliheshimu wengi. Labda niliogopa kuvuliwa nyota. Naandika hivi, nafuta. Bibi hayupo, jiko halipo, wa kumuuliza kabaki mmoja.

Basi juzi, tumeshikana mikono ya salamu, nikamuuliza kama aliwahi kuiona ile picha mpaka mwisho.

"Hata," akasema. "Ila siku ile, kule ndani, nilikuwa na hakika sherifu hafungui."

Akacheka. Mkono wangu hakuuachia.