Jeki ya Nguzo Kwenye Kona ya Kirua

Usiniambie nilikuwa nimekunywa. Mke wangu alikuwa ndani ya gari, kamuulize. Miaka ile magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika, mimi nilikuwa nauza vipuri mjini Moshi, na kitu ninachokijua kuliko sala zangu ni jeki.

Jeki zinazokuja na gari kutoka kiwandani hazifanani. Ya mkasi, ile ya kukunjuka, inafaa kwenye lami, ila kwenye tope inazama na kulala ubavu. Ya mafuta ina nguvu, lakini inakuja na magari makubwa na inataka chini pagumu. Halafu ipo ya nguzo, ya magari ya zamani. Ulimi wake unauchomeka kwenye tundu chini ya mlango, unazungusha, upande mzima wa gari unapanda. Magari haya ya Kijapani hayana tundu hilo.

Siku hiyo nilikuwa namshusha mke wangu kutoka Kirua Vunjo, uchungu umemshika. Mkunga alishasema mtoto amekaa vibaya, tuwahi hospitali Moshi. Ilikuwa saa kumi jioni, mvua imetoka kunyesha, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Kwenye kona moja, pancha. Jeki yangu ya mkasi ikazama. Nikaiwekea jiwe, ikateleza. Mke wangu analia ndani, mimi natukana nje. Ungefanya nini?

Nikaogopa gari lingine lisije likatugonga, nikakata matawi na kuyatandaza barabarani kama dereva yeyote. Nilikata yaliyokuwa karibu, na yalikuwa masale, yale majani marefu yanayopandwa mipakani mwa mashamba. Sasa, sisi Wachagga isale hatulichezei. Ukimkosea mtu unampelekea jani hilo kuomba msamaha, naye hawezi kukuacha bila jibu. Lakini wakati ule mimi niliona majani tu.

Akatokea mwanaume wa umri wangu hivi, koti lake lina tope ubavu mmoja. Mkononi ana isale, ameliokota barabarani, na begani ana jeki ya nguzo. Nikamwambia ndugu yangu, hiyo haiingii kwenye gari hili. Akainama, akachomeka, akazungusha, na gari likapanda. Niamini. Nilifungua nati, nikafunga spea, akalishusha gari. Nikamwambia aika mbe, asante sana. Akalitazama lile isale kwa muda, akalitia ndani ya koti.

"Haya, Elia," akasema, akaingia kwenye migomba.

Mimi siitwi Elia. Elia ni baba yangu.

Tulifika. Mtoto akatolewa kwa upasuaji, wa kike, mzima kabisa. Kesho yake nililala chini ya gari na kupapasa kila upande nikitafuta tundu. Hakuna, hata alama. Nilichanganyikiwa, na mpaka leo sijachanganuka.

Baba alipokuja kumwona mjukuu nikamsimulia, nikidhani atacheka. Akakaa chini. Akaniambia jambo ambalo hata mama hakulijua. Ujanani alikuwa dereva wa shamba la kahawa, na kwenye kona ile ile jeki ya nguzo iliteleza, rafiki yake akiwa chini ya gari. Baba alikimbia, akamwacha bado anamwita. Yule akafa, na baba hakuwahi kupeleka isale kwa ndugu wa marehemu. Kwanza aliogopa, baadaye akaona aibu, kisha miaka ikapita.

"Alikujibuje?" akaniuliza.

Nikasema, alisema haya.

"Haya ya namna gani, mwanangu? Ya kukubali, au ya kunifukuza?"

Nikajaribu kuitamka alivyoitamka yule. Kila nikiitamka inatoka tofauti. Baba ni mzee sana sasa, na kila nikipanda Kirua ananikalisha karibu na sikio lake linalosikia, ananiomba niiseme tena. Nami, Mungu anisamehe, sikumbuki. Siku nyingine naisema kwa upole makusudi. Ananitazama tu, anajua nadanganya.

Kwa hiyo wewe unayeendesha huko juu, ukipata pancha kata matawi ya mti wowote, masale yaache. Na kama umeshayakata na mtu akaja, achana na jeki, achana na nati. Sikiliza anavyokujibu, maana nyumbani kuna mtu atakuuliza.