Kikombe cha Mama Mzazi

Juzi nilipita soko la mifugo hapa Garissa, nikaona mwanambuzi amefungwa kamba mdomoni ili asinyonye. Alinitazama tu. Rafiki yangu, nilisahau hata nilichotumwa kununua, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Nilikumbuka nilipokuwa na miaka tisa. Likizo moja nilichunga mbuzi wa Ayeyo, ndivyo tulivyomwita bibi, kwenye migunga nje ya mtaa wetu. Wanambuzi walibaki zizini ili maziwa yangoje jioni. Yalikuwa machache, mvua ilikuwa imekawia. Kwanza Ayeyo alijaza kikombe cha jirani aliyekuwa amejifungua, kisha akatia kidogo kwenye chai yetu watoto. Yeye alikunywa chai ya rangi, akisema ameizoea.

Mimi ndiye niliyepeleka kikombe. Jirani alikuwa na maneno mengi, mimi sina. Nilisimama mlangoni nikiangalia vidole vyangu vya miguu.

"Mashallah, huyu mtoto ana nidhamu!" alisema. "Wangu wangeshaonja njiani."

Kweli, njiani sikuonja. Nilionja mchana, porini. Jua likiwa kali nilipiga magoti kando ya mbuzi mweusi, nikajikamulia mdomoni. Maziwa yalikuwa ya moto, yana harufu ya majani. Kila siku niliapa nitavuta mara tatu tu. Sikuwahi kuishia tatu.

Jioni Ayeyo alikamua, akatikisa kichwa. Mtoto wa mbuzi yule, tuliyemwita Mwekundu, aliwahi kutoroka zizini akamnyonya mama yake, basi hakuna aliyemshuku mwingine.

"Wewe Mwekundu, tumbo lako halina mlango?" Ayeyo alimuuliza. Tukacheka sote. Nami nilicheka.

Akamfunga kamba mdomoni, akawa anamfungulia baada ya kukamua tu, anyonye mabaki. Maziwa hayakuongezeka. "Anaivua kwa miiba ya zizi, halafu anairudisha," alisema Ayeyo. "Ana akili za shetani huyu." Kikombe cha jirani kikawa nusu. Alikipokea, akakichungulia, akanishukuru vilevile. Nilimsikia mtoto wake akilia ndani.

Nilitaka kusema. Nilikaa karibu na Ayeyo akiosha vyombo, nikafungua mdomo, nikaomba maji.

Mwekundu alikonda mpaka mbavu zikahesabika. Akaja mnunuzi wa mbuzi.

"Mama, huyu ni ngozi na masikio tu!"

"Mchukue hivyo hivyo. Ni mwizi, wallahi."

Mbuzi mweusi alilia kutwa nzima akizunguka zizi.

Kesho yake sikuthubutu kumkaribia. Hakuwa amebaki wa kusingiziwa. Jioni kikombe kilijaa mpaka povu likamwagika, na Ayeyo akanigeukia akitabasamu.

"Umeona? Alikuwa yeye."

Aibu yangu waliiita nidhamu, na mimi nikaiacha iitwe hivyo. Siku niliyojizuia kweli, nilijizuia kwa woga, na kujizuia kwangu kukawa ushahidi dhidi ya Mwekundu.

Ayeyo alifariki bila kujua. Jirani alihama. Pale palipokuwa zizi pamejengwa duka la mchele na sukari, na maziwa tunanunua ya pakiti, hayana harufu ya jani lolote. Nyumbani wanaweka mengi kwenye chai. Mimi nakunywa ya rangi. Wakiniuliza, nasema nimeizoea.