Mboga Isiyoungwa ya Askari

Mwezi uliopita nilishuka Same kumtembelea mdogo wangu wa mwisho, na nusura tugombane kwa sababu ya mbwa. Amepanga nyumba karibu na stendi, na uani anafuga kambwa keupe kenye manyoya marefu, kanakokula chakula cha mfuko kilichokauka kama kokoto. Nilikuwa nimebeba mboga kutoka mlimani. Nikatoa majani machache ya maboga, nikayamenya nyuzi zake, nikayakata mkononi membamba kama tunavyokata kwetu, nikayachemsha kwa maji matupu na kuyaacha yapoe. Nilipoinama kumwekea mbwa kiganja kimoja kwenye bakuli lake, mdogo wangu alitoka jikoni mbio kama nyumba inaungua.

“Dada! Usimpe, jamani! Mbwa hali majani, utaniulia mbwa!”

“Nani kakwambia?”

“Kila mtu anajua. Na wewe, dada yangu, mambo ya mifugo hujayasomea.”

Ni kweli, sijayasomea. Niliishia darasa la sita. Lakini kama kuna jambo moja duniani ambalo simwachii mtu anifundishe, ni namna ya kumpa mbwa mboga za majani. Kaa hapa nikueleze, maana yeye siku ile nilimwacha aongee mpaka akamaliza.

Tulikuwa wanne. Mama alitangulia, baba akafuata kabla udongo wa kaburi la mama haujashikana. Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa, upande wa Pare Kusini ambako ukungu wa asubuhi unaingia mpaka chini ya kitanda, na shamba la mahindi lilianzia nyuma ya jiko likashuka hadi kwenye mfereji unaotoka ndiva, lile bwawa la udongo tulilogawana maji yake kwa zamu na majirani. Ng'ambo ya mfereji ulikuwa msitu. Na msituni walikuwemo tumbili.

Msiba ulipoisha, ukoo ulikaa. Sisi watoto tulikuwa jikoni, ila ukuta wa jiko ulikuwa wa fito na kila neno lilipita. Walikuwa wanatugawa. Anayenifuata angekwenda Hedaru dukani kwa baba mdogo. Wa tatu angekwenda kwa shangazi aliyeolewa Usangi. Huyu wa mwisho, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza, wangempeleka kwa nyanya mzaa mama. Mimi nilikuwa nimetafutiwa kazi za ndani kwa watu wasiotujua. Nilitoka jikoni, mikono ina majivu, nikasimama mlangoni.

“Shikamooni. Hatuendi.”

Shangazi aliguna. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alinyoosha kidole juu, kwenye dari la jiko tulipohifadhi mahindi juu ya moshi.

“Haya. Mpaka mavuno. Nikirudi nikakuta dari limejaa, mtabaki. Nikikuta halijajaa, kila mtoto na kwake, na sitaki kusikia kilio.”

Basi ndiyo hivyo. Kila kitu kikawa dari. Nikaacha shule nilime, nikawaapia wadogo zangu kwamba wao hawataacha hata siku moja. Wewe uliyekulia milimani unajua jinsi mahindi yanavyoliwa na tumbili: familia nzima inashinda shambani inapiga debe, na watoto hawaonekani darasani mpaka mavuno yaishe. Mwalimu aliwahi kutuambia kwamba kwetu tumbili ndiye anayejua kuita mahudhurio. Sisi hatukuwa na familia nzima. Tulikuwa na Askari.

Askari alikuwa mbwa wa baba, wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Tumbili walimjua kwa jina, nadhani. Alizunguka shamba tangu ukungu haujatoka mpaka kuku wanaingia bandani, akilala anafumba jicho moja. Lakini mbwa anayefanya kazi hivyo lazima ale, na kwetu nyama ilikuwa Krismasi. Kulikuwa na makande, ugali kidogo, na mboga za kila aina: mchicha, majani ya maboga, kunde, matembele. Nikaamua Askari ale tunachokula.

Jirani yetu, mama mmoja ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe lake, alinikuta nikimpakulia.

“Makubwa! Mboga za watu unampa mbwa? Kesho utamfunga kanga umpeleke kanisani!”

“Akitaka kwenda, nitampeleka,” nikamjibu, na tangu siku hiyo akaniita Mama Mbwa. Kijiji kizima kikadaka. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwetu mboga isiyoungwa ni mboga ya aibu. Mgeni akipakuliwa majani yaliyochemshwa tu, anajua nyumba hiyo imefilisika, na anakwenda kusema. Mimi niliapa hakuna atakayesema hivyo kuhusu nyumba ya yatima. Na bahati ilikuwepo, au nilidhani ni bahati: mama mmoja wa usharika aliyelima vitunguu kule chini bondeni alikuwa ametuletea gunia zima kama rambirambi. Nikawa nakaanga vitunguu kila jioni mpaka harufu inafika barabarani. Vitunguu viwili, vitatu, chumvi ya kutosha, kisha majani. Na sahani ya Askari niliipakulia kutoka sufuria hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa akitushikia nyumba. Ningemlishaje kwa sufuria ya aibu?

Mahindi yalipoanza kutoa ndevu, Askari alianza kulala akifumba macho yote mawili. Akiitwa anainuka, anatembea hatua chache, anakaa. Mkojo wake ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Tumbili waliliona hilo kabla yangu. Asubuhi moja nilikuta mstari mzima umevunjwa, magunzi machanga yametupwa huku na huku, na mmoja wao amekaa juu ya kisiki ananitazama kama mwenye shamba.

Bahati wiki hiyo bwana mifugo alipanda na pikipiki kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, uwanjani pale kanisani. Nilimbeba Askari mgongoni kwa kanga, kweli, kama jirani alivyotabiri. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bwana mifugo hakucheka. Alimfunua mdomo, akabonyeza ufizi. Ulikuwa mweupe kama karatasi.

“Mnampa nini huyu?”

“Mboga za majani, shikamoo.”

“Marahaba. Mboga si neno. Zimeungwa?”

“Zimeungwa vizuri sana,” nikasema, kifua mbele. “Vitunguu vitatu.”

Akashusha pumzi. “Binti, kitunguu kinamuua mbwa polepole. Kinamla damu. Kila siku unamuua kidogo kwa heshima.”

Sikulia pale. Nilimuuliza nifanyeje, naye akanieleza akiwa amechuchumaa, wengine wanasubiri kwenye foleni. Usimpe kitunguu wala kitunguu saumu, hata mchuzi wake. Chumvi acha, pilipili acha. Majani ya nyanya usithubutu. Mchicha, maboga, kunde, osha, kata vidogo, chemsha, poza. Na usimshibishe majani: kiganja kimoja juu ya ugali, na dagaa ukipata, maana mbwa hakuumbwa mbuzi.

Kuanzia siku ile nikawa na sufuria mbili. Ile ya pili, ya mboga isiyoungwa, niliipika nje mahali ambapo kila mpita njia aliiona, na aliyetaka kusema na aseme. Na wakati Askari anarudisha damu yake, shamba nililinda mimi. Wadogo zangu walijitolea kubaki. Anayenifuata alinificha hata madaftari yake ili nisimfukuze. Niliyatafuta, nikayapata kwenye pipa la pumba, nikampeleka shuleni nimemshika sikio. Kisha nikarudi kupiga debe, kukimbia juu na chini, kupiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Jirani akasimama kwenye mpaka. “Mama Mbwa! Siku hizi unabweka mwenyewe?”

“Nabweka, mama! Na shamba langu halijaliwa!”

Akaenda zake. Kesho yake alikuja na debe lake, akakaa upande wa chini wa shamba akilipiga mpaka jioni.

Wiki ya tatu Askari alisimama. Alipiga kona yake ya kwanza kwenye mfereji, polepole, halafu nikasikia ile sauti yake, na matawi yote ya msituni yakatikisika kwa mkupuo mmoja.

Baba mdogo alipanda baada ya mavuno. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akapanda ngazi, akaingiza mkono kwenye mahindi yaliyojaa darini hadi begani, akautoa una pumba na masizi. Akashuka. Akaomba makande, na habari ya kutugawa haikurudi tena.

Sasa pale juu wanalima tangawizi, ambayo tumbili haigusi, kwa hiyo hakuna anayelinda, na mbwa wa shamba wamekwisha mmoja mmoja. Dari lilibomoka siku tuliyoezeka bati. Askari tulimzika karibu na mfereji, na mwaka huu maji ya ndiva hayakufika hapo. Wasichana wa siku hizi wanakatia mboga kwenye kibao. Sawa. Mimi bado nakata mkononi, na bado nina sufuria mbili, ingawa moja haina mwenyewe.

Siku ile Same, mdogo wangu alipomaliza kunisema, nilimweleza haya yote. Kambwa kake keupe kalikuwa kameshalamba bakuli. Alimkumbuka Askari, alikumbuka hata sikio lililochanika. Sufuria ya pili hakuikumbuka kabisa, wala debe, wala mimi kubweka.

“Dada, mbona haya yote siyajui? Mimi nilikuwa wapi?”

“Ulikuwa shuleni,” nikamwambia. “Wote mlikuwa shuleni.”