Kaye Yangu ya Majina

Juzi, hapa Baraka, nilimkuta binti yangu akiandika huku amefunika kaye yake, daftari la shule, kwa mkono, na papo hapo nikasikia harufu ya ndagala, wale dagaa wa utotoni mwangu.

Nilisoma shule ya msingi Swima, kijiji cha kando ya ziwa. Mama alikuwa anaanika ndagala, nguo zangu zikanuka samaki, na wenzangu wakaniita Ndagala mpaka tumbo likawa linaniuma kila asubuhi. Mchana mmoja mwalimu wetu, Mama Riziki, aliyekuwa ameniona nikilishika tumbo, alinibakiza darasani, akanipa kaye mpya.

"Andika yote yenye benzako banakufanyaka. Usifiche kitu."

Nilifurahi ajabu! Kwetu, shefu wa klasi, yaani kiranja, ndiye aliyeandika majina ya wapiga kelele, na kila aliyeandikwa alichapwa. Basi nikajua leo shefu ni mimi. Mvua iligonga mabati, biki ikakwaruza karatasi, vidole vikageuka buluu kwa wino. Niliandika majina, matusi yote, hata siku waliyotupa sapatu yangu ziwani nikarudi nyumbani peku. Nilicheka peke yangu. Kaye nzima ikajaa!

Nikampelekea mbio. Hakuifungua.

"Mwalimu, hauisome? Utabachapa wakati gani?"

"Sitabachapa, mutoto wangu. Hii kaye ni ya kwako. Tumbo ingali inauma?"

Nikajishika tumboni. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nina tumbo.

Leo najua alichokuwa anatafuta. Siku ile nilikasirika tu, maana zile fimbo nilizitaka kweli. Kesho yake, bado nimenuna, nikamwomba kaye nyingine.