Tetemeko la Kumbeba Mama Mkwe

Mwanaume akimpakia mama mkwe wake kwenye pikipiki, mikono yake itaanza kutetemeka, na haitaacha mpaka siku atakapozikwa. Na hata akishazikwa, udongo utakuwa unacheza juu yake. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa mtaani kwetu Kawempe, na niliamini kama ninavyoamini cheti changu cha shule ya usiku, ambacho nimekitia plastiki na kukitundika juu ya televisheni ili hata wanaokuja kutazama mpira wakisome.

Aliyeniambia ni jirani yetu, bibi mmoja wa Kiganda anayekaanga muhogo mbele ya lango letu. Kwa Waganda, mwanaume na mama mkwe wake hawagusani, hawaketi karibu, na wakikutana njiani mmoja hujitupa pembeni. Anayevunja mwiko huo hupatwa na obuko, maradhi ya kutetemeka. Mimi si Mganda. Baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, nimekulia kambini, na Kiswahili nilichoanza nacho ni kile cha "wewe simama hapo, toa hiyo kitu." Mke wangu naye ametoka kwa Waislamu wa zamani wa mji huu, watu ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani. Kwao mama mkwe ni mama, basi. Unampa mkono, unakula naye sinia moja. Kwa hiyo obuko haikuwa ya kwetu wala ya kwao. Lakini maradhi hayaulizi kabila, nilijiambia, na hakuna aliyenibishia kwa sababu sikumwambia mtu.

Kumpakia kwenyewe kulikuwa hakukwepeki. Mama mkwe wangu, ambaye mimi namwita Mama tu, ana kibanda cha vitenge, leso na udi ndani ya mtaa wa biashara wa Kikuubo, kule ambako mtu mwenye mzigo kichwani ana haki kuliko gari. Boda boda moja ilimwangusha akaumia mgongo, akaapa hatapanda tena pikipiki ya mtu ambaye yeye hamjui mama yake. Nikabaki mimi. Nafanya kazi katika stoo ya jumla mtaa huohuo, pikipiki ninayo, na mama yangu anamjua. Na kibanda hakikuwa cha kungoja. Kila Mama alipochelewa, bibi muuza mikoba wa kibanda jirani alitundika mikoba yake kwenye misumari ya Mama, mmoja leo, mwingine kesho, kama mtu anayehamia nyumba ya watu kwa kuleta kijiko kimoja kimoja. Mwenye jengo alikuwa ameshatamka kwamba kibanda kinachofungwafungwa atampa anayekifungua.

"Mwanangu," Mama aliniambia, "kibanda hicho ndicho kilichonilelea mkeo. Nisipofika, wamekichukua."

"Mama, mimi nipo," nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyehitimu.

Ili kumpa heshima yake nikanunua matairi mapya. Yale ya zamani yalikuwa na kipara cha kujiona uso. Muuzaji wa kando ya barabara akanionyesha mawili yenye meno makubwa, meno ambayo ukiyatazama unaona haya kufungua mdomo wako. Yalikuwa matairi ya mashamba na matope. Nikaifikiria Bwaise, pale njiani panapofurika mvua ikinyesha, nikaona kwa matairi haya naweza kumvusha Mama ziwa zima akashukia Tanzania na viatu vikavu. Kisha nikaenda kwa jamaa wa pampu ya upepo.

"Tunapanda wawili," nikamwambia, "na wa nyuma ni mama mkwe. Jaza."

Akajaza mpaka ukiligonga tairi kwa kidole linalia kama ngoma. "Kaka, hii sasa ni jiwe," akasema kwa fahari. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Asubuhi ya kwanza tulipotoka langoni, pikipiki ilinguruma kuliko kinu cha kusaga mahindi. Mbuzi walikata kamba. Bibi wa muhogo akainua kichwa kutoka kwenye karai lake.

"Ssebo, bwana we! Huyo nyuma yako si mama wa mke wako?"

"Ndiye, jjajja, bibi yangu."

"Na amekushika kiuno?"

"Asianguke, jjajja."

Alitazama juu mbinguni, kisha akatazama mikono yangu kwa huruma, kama daktari anayejua majibu kabla ya kipimo. Jioni nilipopita kununua muhogo ndipo akanieleza habari ya tetemeko, kaburi na udongo unaocheza. Nikacheka. Nikanyoosha mkono kupokea muhogo. Mkono ukatetemeka hivi kwamba chumvi aliyokuwa ameninyunyizia ilimrudia yeye.

Kuanzia hapo nilikuwa mgonjwa. Asubuhi nikifika Kikuubo naletewa chai, kikombe kinacheza mkononi mpaka sukari inayeyuka bila kijiko. Wenzangu wa stoo walikuwa wananiletea na vya kwao niwakorogee. Sahihi yangu, ambayo zamani ilikuwa nzuri kuliko ya gavana wa benki, sasa ilifanana na njia ya mende aliyepuliziwa dawa. Ajabu ni kwamba jioni nikikaa nyumbani inapungua, na asubuhi nikishambeba Mama inarudi. Mnaona? Hata ninyi mngeamini. Shule ya usiku walitufundisha kwamba jambo likifuatana na jingine kila mara, hayo mawili ni ndugu. Hawakutuambia kwamba pale palikuwa na la tatu.

Mama sikumwambia. Ningeanzaje? "Mama, shikamoo, wewe ni maradhi"? Nikaamua kutibu kimyakimya. Kama shida ni kugusana, tusigusane. Nikakata godoro la zamani, nikalisimamisha katikati ya kiti, nikalifunga kwa mipira ya kufungia mizigo. Mama alipotoka nje asubuhi akalikuta limesimama pale kama abiria wa tatu.

"Hili la nini, mwanangu?"

"Ni la mgongo wako, Mama. La kuegemea."

Akalizunguka. "Mgongo wangu uko nyuma. Hili liko mbele yangu."

"Ndiyo mtindo wa sasa, Mama."

Alipanda. Yeye ni mtu wa adabu sana. Lakini pale kwenye taa za Wandegeya polisi wa barabarani akatusimamisha, kijana mrefu wa kaskazini mwenzangu.

"Wewe! Hii kitu katikati ni nini?"

"Ni heshima, afande."

"Heshima?"

"Huyo nyuma ni mama mkwe."

Akainama, akamchungulia Mama upande wa pili wa godoro, akapiga saluti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mwambie huyu mkwe wangu aliondoe, sioni ninakopelekwa."

"Mama, mimi siingilii mambo ya familia," afande akasema, akatupungia twende. Nyuma yetu nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba nyumbani kwao wakwe wenye heshima kama mimi hupewa ng'ombe.

Godoro halikusaidia, ingawa sikuliondoa. Mikono ilizidi, na sasa mgongo wa Mama nao ukaanza kulalamika. Nikampelekea fundi wa viti pikipiki, nikamwambia aongeze sponji mpaka Mama ajione yuko kitandani. Fundi hakuwa na choyo. Kiti kikapanda juu hivi kwamba nikikaa miguu yangu haifiki chini, na kwenye taa za barabarani nililazimika kuwaegemea watu wa boda boda waliosimama kando.

"Ssebo, mimi si ukuta!" mmoja akanifokea.

"Vumilia kidogo tu, taa inabadilika."

"Na mama naye ananiegemea!"

"Huyo ana mgongo."

Nikavaa soksi mikononi badala ya glavu. Nikafunga mataulo kwenye usukani mpaka ukaonekana kama mtu aliyevunjika mikono yote miwili. Wapi! Tukifika Kikuubo nashuka natetemeka, Mama anashuka ameshika kiuno, tunatazamana kama watu walionusurika ajali ambayo haijatokea. Muuza mikoba alikuwa anatuhesabia siku kwa macho. Alikuwa ameshateka misumari yote ya upande wa kushoto.

Jioni moja Mama akaweka sinia chini, hakula.

"Mgongo hauwezi tena," akasema. "Ama utatafuta matairi mengine, mwanangu, ama nimpe yule bibi wa mikoba ufunguo nikae nyumbani. Haya ya sasa yananipiga kama natwangwa."

Mke wangu akanitazama. Nilikuwa nimekalia mikono yangu. Nikasema kesho tutakwenda. Moyoni nilijua matairi ni ya mgongo wake, na mikono yangu ni suala jingine kabisa, la mizimu.

Basi tukaenda duka la vipuri, na nikadhani mimi ndiye mnunuzi. Nililipenda tairi moja lenye simba ubavuni. Mama hakumtazama hata huyo simba. Yeye hununua vitenge kwa kiganja, na matairi akayaendea vilevile. Anapapasa, anabonyeza kwa ukucha, ananusa.

"Hili gumu. Limekaa dukani siku nyingi?"

"Mpya kabisa, Mama," muuzaji akasema. "Limeingia jana."

"Kuingia kwako jana sikuulizi. Lilizaliwa lini? Kila kitu Kikuubo kina tarehe yake mahali, hata biskuti."

"Mama, hizo namba ubavuni ni simu ya kiwandani."

"Basi ipige."

Muuzaji akakohoa, akaenda nyuma, akarudi na mengine, laini kidogo, yasiyo na meno makubwa, yenye mifereji ya kutolea maji. Mama akamuuliza kama yanakaa kwenye pikipiki yetu, upana uleule, na kama yanabeba watu wawili. Muuzaji akasema ndiyo, mradi upepo uwe wa kipimo cha watu wawili, usizidi. Mimi nikaona aibu kwa niaba ya matairi hayo, yalivyokuwa ya kawaida. Yalifanana na matairi ya mwalimu mkuu. Lakini tukayanunua, yakafungwa palepale na kujazwa upepo wa kipimo.

Siku hiyohiyo, kwa bahati ya ajabu, ndipo bibi wa muhogo alinipa dawa. Alisema obuko hutulizwa kwa jogoo. Unampa mama mkwe kwa mikono miwili, macho chini, bila kueleza, na kila mwezi ukiandama unarudia. Nikakimbia sokoni. Jioni nikampigia Mama magoti na jogoo mwekundu. Akapokea, akashangaa, akamchinja, tukamla na wali wa nazi.

Na mikono ikaacha kutetemeka! Kesho yake asubuhi kidogo tu, siku zilizofuata hakuna. Chai ikawa inakaa kikombeni. Sahihi ikarudi na madoido yake yote. Pikipiki nayo ikawa inateleza kimya, mgongo wa Mama ukanyooka, na misumari yake ikaanza kurudi mmoja mmoja. Mimi nilimtangaza jogoo Kawempe nzima. Nilimweleza kila aliyesimama na wengine waliokuwa wanapita. Nilifikia hatua ya kumshauri mzee mmoja mwenye malaria ampelekee mama mkwe wake jogoo.

Mwezi mwingine ukaandama. Nikaenda sokoni mapema, jogoo hakuna. Kulikuwa na sherehe mjini, majogoo wote wameshanunuliwa. Nikarudi mikono mitupu, sijanywa chai, asubuhi ya baridi ya mvua, na nilipoushika usukani nikaona kidole kimoja kinacheza. Kimoja tu, kidogo. Nikauachia usukani kama nimeshika moto.

Mama alikuwa ameshavaa, kitambaa kichwani, ufunguo wa kibanda mkononi.

"Mama, leo hatuendi."

"Mvua imekwisha."

"Si mvua. Jogoo hajapatikana."

"Jogoo na kibanda changu wapi na wapi? Yule bibi wa mikoba saa hizi amefika. Leo akikuta kumefungwa anamwita mwenye jengo."

Ikabidi niseme. Nilisema yote pale langoni, nimeinamisha macho: bibi wa muhogo, obuko, mikono, godoro la heshima, soksi, na jogoo wa kila mwezi. Nikamwambia kwamba nampenda kama mama yangu, lakini nina mke na mtoto, na sitaki nizikwe nikitetemeka.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alitaka kucheka, nikamwona akijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaegemea lango. Kisha akafungua mipira, akalitoa godoro katikati ya kiti, akalitupa uani. Akapanda, akanishika bega.

"Mwanangu," akasema, "jogoo alikuwa mtamu, Mungu akuzidishie. Lakini mikono yako ilitetemeshwa na yale matairi. Yalikuwa ya shambani, ukayapeleka kwenye lami, tena ukayajaza upepo mpaka yakawa mawe. Hata mimi nilikuwa nikifika kibandani natetemeka, na mimi sina mama mkwe, alikwishafariki. Ni matairi tu. Washa, twende."